Martin Bucer, Mwalimu Aliyekuwa Mkimbizi

Mwezi huu tumtazame mtu ambaye kazi yake imo katika ibada za Kanisa letu, ingawa wengi wetu hatulijui jina lake.

Martin Bucer alizaliwa mwaka 1491 katika mji mdogo wa Sélestat, ambao siku hizi umo katika Ufaransa. Alipokuwa kijana aliingia utawani katika shirika la Wadominiko. Mwaka 1518 alimsikia Martin Luther mjini Heidelberg, na moyo wake ukageuka. Akaacha utawa, akaoa, akatengwa na Kanisa. Mwaka 1523 alikimbilia Strasbourg, mkewe akiwa mja mzito, naye hana kazi wala mali. Mji ule ukampokea, naye akawa mchungaji wake.

Wema huo hakuusahau. Kwa miaka mingi mlango wake ulikuwa wazi kwa watu waliofukuzwa makwao. John Calvin alipofukuzwa Geneva mwaka 1538, Bucer alimwita aje kuwachunga wakimbizi wa Kifaransa waliokuwa Strasbourg. Peter Martyr Vermigli alipotoroka Italia mwaka 1542, alikaa siku zake za kwanza nyumbani mwa Bucer.

Kisha zamu yake ikafika. Kaisari Charles wa Tano aliwashinda Waprotestanti vitani, na mwaka 1548 akawaamuru warudie desturi nyingi walizokwisha kuziacha. Wakubwa wa mji waliogopa, wakakubali. Bucer alikataa, akaondolewa kazini. Mwezi wa Aprili 1549, akiwa na umri wa miaka 57, alifika Uingereza kwa mwaliko wa Askofu Mkuu Thomas Cranmer, aliyempokea nyumbani kwake Lambeth.

Alipewa kazi ya kufundisha theolojia katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Lakini heshima haiondoi ugeni. Hakujua Kiingereza, ikambidi afundishe kwa Kilatini. Chakula kilikuwa kigeni kwake. Rafiki yake Paul Fagius, waliyesafiri pamoja, alikufa kabla mwaka haujaisha. Baridi nayo ilimtesa, maana vyumba vya huko havikuwa na jiko la kutia joto kama alilozoea kwao. Mfalme Edward wa Sita, aliyekuwa bado mtoto, alimpatia paundi 20 za kununulia jiko.

Bucer alimshukuru mfalme kwa kazi. Katika mwaka 1550 alimwandikia kitabu juu ya ufalme wa Kristo, akieleza jinsi maskini watunzwe na mashemasi, na watoto wafundishwe kusoma na kufanya kazi. Maandiko yake juu ya kuwekea mikono yalimsaidia Cranmer kutengeneza ibada ya kuwaweka makasisi ya mwaka 1550. Tena, akiwa mgonjwa, alikichunguza Kitabu cha Sala cha mwaka 1549 sehemu kwa sehemu, akamaliza Januari 1551. Mashauri yake mengine yalifuatwa katika kitabu cha mwaka 1552.

Alikufa tarehe 28 Februari 1551, kabla hajatimiza miaka miwili Uingereza. Watu wapata 3,000 walimzika. Mjane wake, Wibrandis, aliwachukua watoto akarudi nao Strasbourg.

Hata kaburini hakuachwa. Mwaka 1557, wakati wa Malkia Mary, mifupa yake ilifukuliwa ikachomwa moto sokoni Cambridge pamoja na vitabu vyake. Mwaka 1560, chini ya Malkia Elizabeth, chuo kilimrudishia heshima yake. Mifupa haikuweza kurudishwa. Lakini kazi yake moto haukuiweza.

Ndugu, mtu huyu alipokelewa mara mbili, kijana wa miaka 31 na mzee wa miaka 57, na mara zote mbili waliompokea ndio waliopata faida. Mgeni akikaa kiti cha nyuma kanisani kwetu Jumapili, naye hajui lugha yetu vizuri, tusimwulize kwanza anataka nini. Tumkaribishe, tumwulize anaweza kufanya kazi gani.