Fumo Liyongo na Sindano ya Shaba

Watu wa Luano, karibu na Lubumbashi, waijua shaba. Tangu kale wazee wa Katanga waliiyeyusha, wakafanyiza misalaba midogo iliyotumika kama fedha. Lakini mbali, katika pwani ya Kenya, shaba hukumbukwa kwa habari ya huzuni: ndiyo iliyomwua Fumo Liyongo.

Karne nyingi zimepita tangu siku zake. Yasimuliwa kwamba alikuwa pandikizi la mtu, mrefu kupita wote, hodari wa upinde na mtunzi wa mashairi. Watu walimpenda, kwa hiyo mfalme wa Pate alimwogopa, akamfunga gerezani apate kumwua. Mama yake akampelekea mkate wa pumba, ndani yake tupa. Walinzi waliudharau mkate ule, wakampa. Usiku ngoma ya gungu ikapigwa, Liyongo akakata minyororo yake, na kwa kelele za ngoma tupa haikusikiwa. Akatoroka.

Ndipo mfalme akamwita mwana wa Liyongo, akamwahidi cheo na binti yake awe mkewe. Kijana akamwendea baba, akamwuliza ni kitu gani kiwezacho kumwua. Liyongo alitambua kwamba mwanawe ametumwa. Hata hivyo hakumficha. Ni sindano ya shaba, ikichomwa kitovuni. Kijana akangoja baba yake alale usingizi, akamchoma.

Liyongo akaamka, akashika upinde, akaenda kisimani, akapiga goti huko, akafa hali mshale u tayari. Siku kadhaa watu hawakuthubutu kuteka maji, wakidhani yu hai. Mama yake alikuja kumsihi, asijue kwamba amekufa. Hatimaye maiti ikaanguka. Na yule kijana hakupewa alichoahidiwa. Alifukuzwa, akaugua, akafa.

Kaburi lake huonyeshwa Ozi, karibu na Kipini. Mwaka 1870 Edward Steere alichapa habari zake, na mwaka 1913 Muhamadi Kijumwa wa Lamu akazitungia utenzi.

Samsoni naye alishinda majeshi, akashindwa nyumbani. Vivyo hivyo Liyongo: minyororo haikumweza, wala walinzi. Sindano ilikuwa ndogo, na shaba haina kosa. Kilichomwangusha yule mtu mkubwa ni tamaa iliyoingia katika moyo wa mtoto wake.