Alice Milliat: Mwanamke aliyeifungulia dunia mlango wa riadha ya wanawake

JIONI ya Julai 26, 2024, wakati mvua ikinyesha jijini Paris, sanamu 10 za rangi ya dhahabu ziliibuka kandokando ya Mto Seine mbele ya macho ya mamilioni ya watu waliokuwa wakitazama ufunguzi wa Michezo ya Olimpiki. Zilikuwa sanamu za wanawake wa Ufaransa walioacha alama katika historia ya nchi yao.

Miongoni mwao walikuwamo waandishi, wanasheria na wanasiasa. Mmoja tu alikuwa mtu wa michezo, na kwa wengi waliokuwa mbele ya televisheni jina lake lilikuwa geni: Alice Milliat.

Mwanamke huyo alifariki dunia miaka 67 kabla ya usiku ule, akiwa amesahaulika. Hata hivyo, ni vigumu kuieleza historia ya wanawake katika riadha ya kimataifa bila kuanzia kwake.

Alizaliwa Mei 5, 1884 katika mji wa Nantes, magharibi mwa Ufaransa, akiitwa Alice Million. Akiwa bado kijana alivuka bahari kwenda Uingereza, na huko mwaka 1904 alifunga ndoa na Joseph Milliat, Mfaransa mwenzake.

Ndoa hiyo haikudumu. Mumewe alifariki mwaka 1908, miaka minne tu baada ya harusi, na kumwacha Alice mjane wa umri wa miaka 24, asiye na mtoto.

Badala ya kurudi kujifungia nyumbani, mjane huyo alijipatia riziki kwa ujuzi wa lugha, akifanya kazi ya kufasiri na kutafsiri. Ujuzi huo ulikuja kumfaa baadaye, pale alipolazimika kuandikiana barua na kukaa meza moja na viongozi wa mataifa mbalimbali.

Ni katika kipindi hicho ndipo alipoingia katika michezo. Mchezo alioupenda zaidi ulikuwa kupiga makasia, na aliporejea Ufaransa alijiunga na Femina Sport, klabu ya wanawake ya jijini Paris iliyoanzishwa mwaka 1912.

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilibadili mambo mengi. Wanaume walipokwenda mstari wa mbele, wanawake waliingia viwandani, maofisini na pia viwanjani. Klabu za wanawake ziliongezeka na hatimaye zikaunda shirikisho lao la taifa. Mwaka 1919 Milliat akawa rais wake.

Hakuchelewa kuonesha alikokuwa akielekea. Mwaka huohuo aliiomba Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki (IOC) iingize riadha ya wanawake katika programu ya Michezo ya Olimpiki. Ombi hilo lilikataliwa.

Ili kuelewa uzito wa jibu hilo, ni vyema kukumbuka hali ilivyokuwa wakati ule. Wanawake walikwisha kushiriki Olimpiki tangu mwaka 1900, lakini katika michezo iliyoonekana ya heshima kwao kama tenisi na gofu, na kuanzia mwaka 1912 kuogelea. Riadha, ambayo ndiyo roho ya Olimpiki, ilikuwa ya wanaume peke yao.

Aliyesimama kidete kulinda utaratibu huo alikuwa Baron Pierre de Coubertin, Mfaransa mwenzake Milliat, ambaye ndiye aliyeifufua michezo hiyo mwaka 1896. Kwa mtazamo wake, kazi iliyomfaa mwanamke katika Olimpiki ilikuwa kuwavika mashada wanaume walioshinda.

Milliat alikuwa na njia mbili: kuendelea kubisha hodi mlangoni, au kujenga nyumba yake. Alizichukua zote mbili kwa wakati mmoja.

Mwaka 1920 aliongoza timu ya soka ya wanawake wa Ufaransa iliyokwenda Uingereza kucheza na timu ya wanawake ya Preston, na watu walijaa viwanjani kuwatazama. Machi 1921 mashindano ya kimataifa ya wanawake yakafanyika Monte Carlo, katika uwanja wa kasino uliokuwa ukitumika kulenga shabaha njiwa.

Oktoba 31, 1921 likazaliwa Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Wanawake, lililojulikana kwa kifupi cha Kifaransa kama FSFI, na Milliat akawa rais wake. Kwa mara ya kwanza wanawake wakawa na chombo chao cha kimataifa cha kuandaa mashindano na kuidhinisha rekodi.

Kilichofuata kiliwashtua wengi. Agosti 20, 1922, katika Uwanja wa Pershing jijini Paris, FSFI iliandaa mashindano ya siku moja na kuyapa jina la Olimpiki ya Wanawake. Wanariadha 77 kutoka nchi tano, yaani Ufaransa, Uingereza, Marekani, Czechoslovakia na Uswisi, walichuana katika michezo 11 mbele ya watazamaji wapatao 20,000.

Programu ya siku hiyo inaonesha jinsi riadha ya wanawake ilivyokuwa ikitafuta sura yake. Tufe na mkuki vilirushwa kwa mikono yote miwili kwa zamu, kisha vipimo vikajumlishwa. Lucile Godbold wa Marekani alishinda tufe, Mary Lines wa Uingereza akatwaa mbio za mita 300 na kuruka chini, naye Lucie Bréard wa Ufaransa akashinda mbio za mita 1,000.

Mbio hizo za mita 1,000 zilikuwa na maana ya pekee, kwa kuwa madaktari wengi wa wakati huo walishikilia kuwa mwili wa mwanamke haukuumbwa kwa mbio za masafa kama hayo, na kwamba jitihada kubwa ingemharibia uzazi.

Mafanikio ya Paris yaliwatia wasiwasi wakuu wa michezo. Kilichowaudhi zaidi lilikuwa jina, kwani IOC ililiona neno Olimpiki kuwa mali yake. Aidha, Shirikisho la Riadha la Kimataifa (IAAF), lililokuwa likiongozwa na Sigfrid Edström wa Sweden tangu lilipoanzishwa mwaka 1912, halikupenda kuona chombo kingine kikiota mizizi nje ya mamlaka yake.

Mazungumzo marefu yalimalizika kwa mapatano mwaka 1926. FSFI iliachia jina la Olimpiki, na kwa upande mwingine wanawake waliahidiwa nafasi katika riadha ya Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1928.

Hivyo mashindano ya pili ya FSFI, yaliyofanyika Agosti 1926 mjini Gothenburg, Sweden, yakaitwa Michezo ya Dunia ya Wanawake. Huko ndiko dunia ilikomjua Kinue Hitomi, binti wa miaka 19 aliyesafiri peke yake kuiwakilisha Japan. Alishinda kuruka chini na kuruka chini bila kukimbia, akawa wa pili katika kisahani na wa tatu katika yadi 100.

Ilipofika Amsterdam mwaka 1928, furaha ya Milliat iliingia doa. FSFI ilitaka michezo 10, lakini iliyokubaliwa ilikuwa mitano tu: mita 100, mita 800, kuruka juu, kisahani na mbio za kupokezana vijiti za mita 100 mara nne. Wanawake wa Uingereza waliiona hiyo kuwa dharau na wakasusia riadha ya michezo hiyo.

Milliat hakususia. Alikwenda Amsterdam na kukaa miongoni mwa waamuzi wa riadha, pengine akiamini kuwa mlango uliofunguliwa nusu ni bora kuliko uliofungwa.

Agosti 2, 1928 ilifanyika fainali ya mita 800. Lina Radke wa Ujerumani alishinda kwa dakika 2:16.8, ikiwa ni rekodi ya dunia, na Hitomi, ambaye hakuwa mzoefu wa umbali huo, akawa wa pili. Wanariadha wote tisa walimaliza mbio.

Habari zilizochapishwa katika baadhi ya magazeti zilikuwa tofauti kabisa. Ziliandika kuhusu wanawake waliozimia ovyo na walioshindwa kumaliza, kana kwamba uwanja ulikuwa wodi ya majeruhi. Picha za filamu zilizobaki zinaonesha wanariadha waliochoka kama anavyochoka yeyote aliyekimbia kwa nguvu zake zote.

Uongo huo ulikuwa na gharama kubwa. IAAF ilipopiga kura, wanawake walibakizwa katika Olimpiki kwa kura 16 dhidi ya 6, lakini mita 800 ziliondolewa. Zilirejeshwa Roma mwaka 1960, baada ya miaka 32. Vizazi vizima vya wanawake wenye kipaji cha masafa ya kati vilipita bila kupata nafasi hiyo.

Milliat aliendelea na mashindano yake, nayo yakazidi kukua. Michezo ya tatu ilifanyika Prague mwaka 1930 ikiwa na nchi 17, na nyota wake alikuwa Stanisława Walasiewicz wa Poland aliyeshinda mita 60, 100 na 200. Hitomi alishinda tena kuruka chini, lakini hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Alifariki Agosti 2, 1931, miaka mitatu kamili baada ya medali yake ya Amsterdam, akiwa na miaka 24 tu.

Michezo ya nne ilifanyika London mwaka 1934 katika Uwanja wa White City, ikazikutanisha nchi 19. Kutoka nchi tano hadi 19 katika miaka 12 ni ukuaji ambao chombo chochote cha michezo kingejivunia.

Hata hivyo, ndani ya FSFI hali ilikuwa mbaya. Mdororo wa uchumi ulikausha fedha, serikali ya Ufaransa ikapunguza msaada wake, na afya ya Milliat ikazorota. Mwaka 1935 alitoa sharti lake la mwisho: ama Olimpiki iwape wanawake programu kamili, ama iwaache kabisa na FSFI iendelee na michezo yake.

Jibu halikuwa alilolitaka. Kufikia mwaka 1936 IAAF ilikuwa imechukua mamlaka yote juu ya riadha ya wanawake na FSFI ikafa. Michezo ya tano iliyotazamiwa kufanyika Vienna haikufanyika kwa jina lake. Mwaka 1938 mji huo ulipokea mashindano ya wanawake ya ubingwa wa Ulaya.

Wapo wanaoona kuwa Milliat alishindwa, kwa sababu shirikisho lake lilimezwa na wale aliopambana nao. Lakini chombo kilichommeza kililazimika kumeza pia hoja yake. Tangu mwaka 1928 hakuna Michezo ya Olimpiki iliyofanyika bila wanawake kukimbia, kuruka na kurusha.

Yeye mwenyewe alijiondoa katika michezo na kuishi maisha ya kimya. Alifariki jijini Paris Mei 19, 1957 akiwa na miaka 73. Alizikwa Nantes, mji aliozaliwa, na kwa miongo mingi kaburi hilo halikuwa na jina lake.

Programu aliyoidai ilikamilika kipande kwa kipande. Mita 1,500 kwa wanawake ziliingia Olimpiki mwaka 1972, marathoni mwaka 1984, mita 10,000 mwaka 1988, mita 5,000 mwaka 1996, na mbio za kuruka viunzi na maji mwaka 2008. Mashindano ya Dunia ya Riadha yalipoanzishwa rasmi Helsinki mwaka 1983, wanawake na wanaume waliingia uwanja mmoja kwa wiki moja.

Matunda ya mti huo yamefika pia Afrika Mashariki. Mwaka 1965, Theresia Dismas wa Tanzania alitwaa medali ya fedha ya kurusha mkuki katika Michezo ya Afrika mjini Brazzaville. Mwaka 2008 mjini Beijing, Pamela Jelimo akawa mwanamke wa kwanza wa Kenya kushinda dhahabu ya Olimpiki, tena katika mita 800, umbali uleule ulioitwa hatari kwa wanawake. Faith Kipyegon alishinda mita 1,500 katika Olimpiki tatu mfululizo, ya tatu ikiwa Paris.

Katika michezo hiyo ya Paris mwaka 2024, nafasi za washiriki ziligawanywa sawa kwa sawa baina ya wanawake na wanaume, na kwa mara ya kwanza marathoni ya wanawake ndiyo iliyofunga riadha. Sifan Hassan wa Uholanzi alishinda, Tigst Assefa wa Ethiopia akawa wa pili, na Hellen Obiri wa Kenya wa tatu.

Machi 2025, IOC, kamati ileile iliyolikataa ombi la Milliat mwaka 1919, ilimchagua Kirsty Coventry wa Zimbabwe kuwa rais wake. Ni mwanamke wa kwanza na Mwafrika wa kwanza kukalia kiti alichokikalia Coubertin.