Bwana Muyaka na Tungo Zilizokaa Vifuani



Katika kijitabu chetu tumezoea kusoma habari za wazee wetu wenyewe. Safari hii naomba ruhusa niwasimulie maisha ya mtu asiyekuwa wa ukoo wetu, bali urithi wa kila aliyelelewa kwa Kiswahili: Bwana Muyaka bin Haji al-Ghassaniy, mshairi wa Mvita.

Alizaliwa Mombasa yapata mwaka 1776, mji ukiwa chini ya Mazrui. Tungo nyingi zilizotufikia kutoka kabla ya zama zake ni tendi ndefu za dini na mawaidha. Muyaka alilitwaa shairi la mishororo minne akalikalisha barazani na sokoni. Humo alitia mapenzi na ugomvi wa nyumbani, mafumbo, vyombo vya baharini, neema ijayo na kuondoka, na ufukara unaomwondolea mtu heshima mbele ya wenziwe.

Alikuwa pia ulimi wa mji wake. Mombasa ilipohasimiana na Lamu, yeye na Bwana Zahidi Mngumi wa Lamu walirushiana mashairi. Katika vita vya Shela, yapata mwaka 1812, Mombasa na Pate zilishindwa, na Lamu ikaomba himaya ya Seyyid Said wa Oman. Mwaka 1837 Mombasa nayo ilimwangukia Seyyid Said. Wakuu kadhaa wa Kimazrui walikamatwa wakapelekwa Bandar Abbas. Wengine walihamia Gazi na Takaungu. Muyaka, aliyekuwa karibu na watawala hao, aliishi hata akaona nyumba alizozitetea zikitawanyika. Alifariki yapata mwaka 1840.

Miongoni mwetu wamo wenye asili ya pande zote mbili za mgogoro ule, nami sikusudii kufukua uhasama uliokwisha kuzikwa. Nataka tutazame yaliyozipata tungo zenyewe.

Muyaka alifariki bila diwani yake kupigwa chapa. Mashairi yalikaa vifuani mwa watu, na kila mzee aliyezikwa aliweza kwenda na beti zake. Zaidi ya miaka arobaini baadaye, Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi wa Mombasa aliyakusanya kutoka kwa waliokuwa wakiyakumbuka, akayaandika kwa herufi za Kiarabu. Alifanya kazi hiyo pamoja na William Taylor, mmisionari Mwingereza, akafariki mwaka 1890. Karatasi zikasafiri hadi Uingereza. Mwaka 1940 William Hichens aliitoa diwani huko Johannesburg, na mwaka 1979 Profesa Mohamed Abdulaziz akachapisha Nairobi uchunguzi wake juu ya mshairi huyu. Miswada ya Taylor imehifadhiwa London, katika chuo cha taaluma za Asia na Afrika. Vijana wetu waishio mji huo wanaweza kuifikia kwa basi.

Nilitumikia serikali miaka mingi kabla ya kuhama nikiwa mtu mzima, na sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa majalada. Nimejifunza kwamba karatasi isiyo na tarehe wala jina la msemaji hupoteza nusu ya faida yake. Kwa ajili hiyo, nisomapo diwani ya Muyaka, humkumbuka zaidi Mwalimu Sikujua. Wengi humtaja mtunzi na mchapishaji; wachache humtaja yeye aliyeketi, akasikiliza, akaandika. Bila yeye huenda tungebaki na jina tupu.

Nasi leo tumetapakaa Mombasa, Muscat, London na kwingineko. Wazee wasemao mato kwa macho na mtanga kwa mchanga wanapungua kila mwaka. Wanazo nyimbo za kubembelezea watoto, vitendawili, majina ya mitaa na habari za safari zilizotufikisha tulipo. Hayo nayo yamo vifuani tu.

Basi nawaomba kila tawi la ukoo limteue kijana mmoja katika mkutano huu, aketi na mzee mmoja, aandike alisikialo jinsi linavyotamkwa, bila kulisanifisha, na chini yake atie jina la mzee, mahali na tarehe. Kijana asione haya kwa Kiswahili chake kilichochanganyika. Kazi yake ni kusikiliza. Karatasi hizo nipewe kabla hatujaagana, nami nitazipanga, inshallah, ziingie katika kijitabu kijacho.