Eugène Schueller, mkemia aliyegeuza jiko lake maabara ya rangi ya nywele

Mama anayejipaka tentire nyumbani kwake Kimemi, mjini Butembo, beseni pembeni na glavu mikononi, anafanya kazi ambayo biashara yake kubwa ilianzia pia jikoni, huko Paris, alikozaliwa Eugène Schueller tarehe 20 Machi 1881.

Baba yake alikuwa mwokaji keki. Yeye alisomea kemia, akahitimu mwaka 1904. Wakati ule rangi nyingi za nywele zilikuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Mtengeneza nywele mmoja alipotafuta mkemia wa kumsaidia, Schueller akakubali, kisha akaendelea peke yake. Usiku alichanganya dawa jikoni, mchana alizunguka saluni akiziuza. Rangi yake ya kwanza ilipatikana mwaka 1907. Mwaka 1909 alifungua kampuni ambayo jina lake lenyewe liliahidi rangi zisizodhuru. Ndiyo L'Oréal ya leo.

Ahadi hiyo ilikuwa kubwa mno. Hata sasa rangi nyingi nyeusi, za viwanda mbalimbali, zina PPD, kemikali inayoweza kumvimbisha uso mtu ambaye mwili wake unaikataa. Ndiyo sababu ya kujaribu tone nyuma ya sikio saa 48 kabla.

Miaka ya 1930 Schueller alifadhili La Cagoule, kundi la siri lililotaka kupindua Jamhuri ya Ufaransa. Baada ya vita alichunguzwa, lakini hakufungwa. Alifariki tarehe 23 Agosti 1957. Mali yake ilibaki kwa mtoto wake wa pekee, Liliane Bettencourt.