Siti binti Saad

Yapata mwaka wa 1880, katika kijiji cha Fumba kisiwani Unguja, alizaliwa mtoto wa kike, akaitwa Mtumwa. Wazazi wake walikuwa maskini, wala hakutiwa chuoni. Kazi aliyoijua ni ile ya mamaye, kufinyanga vyungu. Alivitia kichwani akaenda kwa miguu hata mjini, akivinadi kwa sauti nzuri iliyosikika mbali. Sauti hiyo ndiyo iliyokuwa mali yake yote.

Mwaka wa 1911 akahamia mjini. Huko fundi mmoja wa ala akamfundisha kuimba kwa kufuata ala. Basi akaalikwa karamuni kwa wakubwa, na jina lake likawa Siti. Wako waliomcheka kwa asili yake na sura yake, naye asiache kuimba. Taarabu siku zile iliimbwa kwa Kiarabu. Yeye aliimba Kiswahili, hata wachukuzi na wauza samaki wakafahamu. Mwanamke mgeni alipouawa mjini, na mwuaji akatoroka, Siti aliuimba mkasa ule.

Mwaka wa 1928 alivuka bahari pamoja na wenzake mpaka Bombay, na huko sauti yake ikatiwa katika sahani za santuri. Sahani hizo zikauzwa pwani yote, na watu wasiopata kumwona kamwe wakamsikia majumbani mwao. Alifariki Unguja mwezi wa Julai, mwaka wa 1950.