Douglas Bader: rubani asiye na miguu, na ndege ambazo hazikuwa zake

Wadau, leo tumwangalie jamaa mmoja ambaye filamu za Vita Kuu ya Pili hupenda sana kumtaja, halafu zinatuonyesha ndege ambayo wala si yake. Ni Douglas Bader, rubani wa Uingereza aliyepigana angani akiwa hana miguu. Wapo wanaodhani kutambua ndege ni ya aina gani, toleo gani, na alama zake ni za nani, ni mchezo wa watoto. Kwa Bader haikuwa mchezo. Huenda kosa la aina hiyo ndilo lililomwangusha.

Alizaliwa London tarehe 21 Februari 1910. Baba yake alifariki mwaka 1922 kutokana na majeraha ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1928 kijana akaingia chuo cha jeshi la anga cha Cranwell. Alikuwa hodari wa raga na kriketi, mkaidi, na mpenda sifa kweli kweli. Sifa zikamponza: tarehe 14 Desemba 1931, kwenye uwanja wa Woodley karibu na Reading, alifanya mbwembwe chini chini na ndege aina ya Bulldog, bawa likagusa ardhi. Madaktari wakamkata miguu yote miwili, mmoja juu ya goti na mwingine chini ya goti. Alikuwa na miaka 21 tu.

Akajifunza kutembea na miguu ya bandia bila fimbo, akaendesha gari, akarusha ndege tena. Hata hivyo jeshi likamstaafisha mwaka 1933, akaishia ofisini kwenye kampuni ya mafuta. Vita ilipoanza mwaka 1939 marubani wakawa hawatoshi, ndipo wakamrudisha.

Sasa tuje kwenye picha zenyewe. Katikati ya 1940 Bader alipewa Kikosi cha 242, kilichojaa Wakanada waliotoka Ufaransa wakiwa wamekata tamaa. Hapo alirusha Hurricane Mk I, kwa hiyo ukiona filamu ya miezi ile usikimbilie kusema Spitfire. Hurricane ina mgongo ulioinuka na bawa nene, na magurudumu yake hukunjwa kuelekea ndani, chini ya tumbo. Ya Spitfire hukunjwa kwenda nje. Ukishamaliza hapo soma ubavuni. Herufi mbili za pamoja ni za kikosi, na ile moja iliyo upande wa pili wa duara ni ya ndege yenyewe. Kikosi cha 242 kilikuwa LE, na ndege ya Bader ilikuwa D. Halafu karibu na mkia kuna namba ndogo, kwake V7467. Herufi zinaweza kuhamia ndege nyingine wakati wowote, lakini namba hiyo ni kama namba ya chasisi ya gari, haihami.

Machi 1941 akapanda cheo, akaongoza vikosi vitatu vya Spitfire kutoka Tangmere. Wakubwa wa ngazi hiyo waliruhusiwa kuandika herufi za majina yao badala ya zile za kikosi, ndiyo maana ndege yake ilisomeka D-B. Na hapa kuna siri nzuri. Spitfire Mk V nyingi zilikuwa na mizinga miwili inayochomoza mbele ya mabawa. Bader hakuipenda, aliona inawazoesha marubani kupiga wakiwa mbali. Yeye alibaki na Mk Va yenye bunduki nane za rashasha, namba W3185. Kwa hiyo ukionyeshwa Spitfire yenye mizinga ukaambiwa ndiyo aliyoangukia Bader, kataa.

Tarehe 9 Agosti 1941, juu ya kaskazini mwa Ufaransa, ndege yake ilikatika mkia. Mguu wa bandia wa kulia ukanasa ndani, mkanda wake ukakatika, naye akashuka na parachuti bila mguu huo. Maisha yake yote aliamini amegongana na Mjerumani. Lakini rubani mmoja wa kundi lake mwenyewe, Buck Casson, alieleza kwamba siku hiyo hiyo alipiga Messerschmitt 109, mkia ukatoka na rubani akaruka. Watafiti kadhaa wanaona huyo aliyeruka alikuwa Bader. Inawezekanaje? Messerschmitt za 1940 zilikuwa na ncha za mabawa zilizokatwa mraba. Toleo jipya la F, lililoingia 1941, lilikuwa na ncha za mviringo, na kwa mbali linafanana na Spitfire. Rubani ana sekunde chache tu za kuamua. Ubishi haujaisha.

Mwaka 2006 televisheni ya Uingereza ilionyesha jinsi watafiti walivyoisaka W3185 ardhini Ufaransa. Wakapata Spitfire kweli, ila vipande vikaonyesha ni Mk IX, toleo lililoanza kazi 1942, Bader akiwa tayari mfungwa!

Wajerumani waliruhusu Waingereza wamdondoshee mguu mpya kwa ndege. Yeye akawashukuru kwa kutoroka hospitalini kupitia dirishani, kwa mashuka yaliyofungwa pamoja. Wakamkamata, na baadaye wakampeleka ngome ya Colditz mpaka Wamarekani walipomkomboa Aprili 1945. Tarehe 15 Septemba mwaka huo aliongoza ndege 300 kupita juu ya London.

Mwaka 1956 ikatoka filamu ya maisha yake, Kenneth More akiigiza. Spitfire zilizotumika humo ni Mk XVI, za mwisho mwisho wa vita. Zina propela ya panga nne, ekzosi sita kila upande, na rediata kubwa chini ya mabawa yote mawili. Ile ya Bader ilikuwa na panga tatu, na rediata kubwa chini ya bawa la kulia tu. Filamu hiyo haina rangi, basi kipande chake kikikatwa kinapita kirahisi kama picha halisi ya 1941.

Filamu ilimsafisha na yeye pia. Ni kweli alihangaikia sana walemavu, na kwa hilo akapewa cheo cha Sir mwaka 1976. Lakini pia aliwaunga mkono wazungu wachache waliotawala Rhodesia, na aliwahi kutoa maneno ya dharau juu ya Waafrika. Alifariki tarehe 5 Septemba 1982. Tumtazame mzima mzima, ushujaa na ubaya wake.

Kwa hiyo wadau, mkitumiwa video ya vita, hesabuni panga, someni herufi, tafuteni namba ya mkiani, ndiyo muamini maelezo. Mafundi wa ndege mliomo humu, uwanja ni wenu.