Hiram Maxim: Fundi wa magari ya farasi aliyeunda silaha iliyoamua vita vya wakoloni

KATIKA vitabu vya historia vinavyosomwa na wanafunzi wa Tanzania, majina ya Mkwawa, Kinjikitile na Songea Mbano yanafahamika vyema, kama yanavyofahamika majina ya Wissmann na Lettow-Vorbeck waliokuja kuitawala nchi hii kwa mabavu. Lipo jina moja, hata hivyo, ambalo hutajwa kwa nadra, ingawa kazi ya mwenye jina hilo iliamua matokeo ya mapambano mengi yaliyopiganwa katika ardhi hii. Jina hilo ni Hiram Stevens Maxim, mvumbuzi na mkurugenzi wa kampuni ya silaha iliyotengeneza bunduki ya kwanza duniani kujipakia na kujifyatulia risasi yenyewe, ambayo wazee wetu waliiita bombomu.

Maxim alizaliwa Februari 5, 1840 katika kijiji cha Sangerville, jimbo la Maine, nchini Marekani. Familia yake haikuwa na mali na elimu yake ya darasani ilikuwa ndogo. Akiwa na umri wa miaka 14 aliwekwa chini ya fundi wa kutengeneza magari ya kukokotwa na farasi, na baadaye akafanya kazi katika karakana ya mjomba wake huko Fitchburg, Massachusetts. Hapo alijifunza ufuaji wa vyuma, uchoraji wa mitambo na namna ya kutumia mashine za kuchongea, ujuzi ambao hakuna chuo kilichompa.

Kutoka Fitchburg alihamia Boston, kisha New York, ambako alijipatia sifa kwa kubuni mitambo ya gesi ya kuwashia taa. Umeme ulipoanza kuchukua nafasi ya gesi, Maxim alikuwa miongoni mwa watu wa mbele. Mwaka 1878 alikuwa mhandisi mkuu wa Kampuni ya Taa za Umeme ya Marekani, mshindani wa moja kwa moja wa Thomas Edison. Ushindani huo ulimwachia kinyongo, kwani hadi mwisho wa maisha yake aliamini kwamba sifa ya taa ya umeme aliyopewa Edison ilikuwa haki yake kwa sehemu kubwa.

Mwaka 1881 alikwenda Ulaya kuhudhuria maonyesho makubwa ya umeme mjini Paris, ambako alitunukiwa nishani ya heshima ya Ufaransa. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba akiwa mjini Vienna mwaka 1882, Mmarekani mwenzake alimshauri aachane na umeme, na kama anataka fedha nyingi abuni kitu kitakachowawezesha watu wa Ulaya kuuana kwa urahisi zaidi. Iwe ushauri huo ulitolewa kwa mzaha ama kwa dhati, Maxim aliufuata. Alikodi karakana ndogo eneo la Hatton Garden jijini London na kuanza kazi.

Wazo lake lilitokana na jambo linalojulikana kwa kila askari. Bunduki inapofyatuliwa humpiga mfyatuaji teke begani. Kwa karne nyingi teke hilo lilihesabiwa kuwa kero tu. Maxim aliona kwamba ni nguvu inayopotea bure, akaunda mtambo ambao teke la risasi moja hutoa ganda lililotumika, huingiza risasi nyingine kutoka kwenye mkanda na kuifyatua. Kazi ya askari ikabaki kubana kifyatulio tu. Mnamo 1884 bunduki hiyo ilikuwa tayari, na iliweza kufyatua takriban risasi 600 kwa dakika moja. Bunduki za aina hiyo zilizotangulia, kama ile ya Gatling, zilihitaji mtu wa kuzungusha mkono wa mashine.

Novemba 1884 iliundwa Kampuni ya Bunduki za Maxim, huku Albert Vickers, kutoka katika familia maarufu ya wafua chuma wa Sheffield, akiwa mwenyekiti wake na kiwanda kikiwa Crayford, mkoani Kent. Hapo ndipo maisha ya Maxim yalipobadilika kutoka ya fundi hadi ya mfanyabiashara. Aliibeba bunduki yake kutoka nchi hadi nchi, akaionyesha mbele ya wafalme, mawaziri na majenerali. Nchini Italia wapimaji waliitumbukiza baharini kwa siku tatu, na ilipotolewa ikafanya kazi kama kawaida. Inasimuliwa kwamba mfalme wa Denmark aliikataa kwa hofu kwamba risasi zake zingeifilisi hazina ya ufalme wake.

Mwaka 1888 kampuni yake iliungana na ile ya Msweden Thorsten Nordenfelt. Muungano huo ulimleta karibu na Basil Zaharoff, wakala wa Nordenfelt ambaye baadaye alijulikana duniani kote kama mfanyabiashara wa silaha asiyejali anamuuzia nani. Zaharoff alikuwa bingwa wa kuuza na Maxim alikuwa bingwa wa kuunda. Hata hivyo, usimamizi wa fedha haukuwa karama ya Maxim, na kampuni ilipita katika miaka ya hasara kabla ya Sigmund Loewe kukabidhiwa uendeshaji wake na kuirejesha kwenye faida. Mwaka 1897 familia ya Vickers iliinunua, na ikazaliwa kampuni ya Vickers, Sons & Maxim, moja ya makampuni makubwa ya silaha duniani. Kwa upande wa Ujerumani, kampuni ya Ludwig Loewe ya Berlin ilipata kibali cha kuitengeneza bunduki hiyo.

Afrika Mashariki ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza kuiona. Mwaka 1887 Maxim alimpa Henry Morton Stanley bunduki moja kwa ajili ya msafara wa kumwokoa Emin Pasha. Stanley alipita Zanzibar mwezi Februari mwaka huo na kuajiri wapagazi wapatao 600, ambao walikwenda naye hadi misitu ya Kongo. Msafara huo ulimalizikia Bagamoyo Desemba 1889. Bunduki hiyo hiyo, ikiwa imekwishachakaa, ilichukuliwa na Kapteni Frederick Lugard hadi Uganda, na Januari 24, 1892 ilikuwapo katika vita vya Mengo vilivyofungua njia kwa Waingereza kuitawala Buganda.

Wakati msafara wa Stanley ukiwa bado njiani, pwani ya Tanganyika ilikuwa imewaka moto. Januari 1889 wapiganaji wa upande wa Abushiri walishambulia misheni ya Pugu, katika vilima vilivyo jirani na Ukonga ya leo, jijini Dar es Salaam. Serikali ya Ujerumani ilimtuma Hermann von Wissmann na jeshi la mamluki kuzima upinzani huo, na Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Tangu hapo tofauti ya silaha kati ya wenyeji na wageni ilizidi kupanuka.

Tofauti hiyo haikutokana na ufundi peke yake. Julai 1890 mataifa makubwa yalitia saini Mkataba wa Brussels, ambao pamoja na kupiga vita biashara ya utumwa uliweka marufuku kwa bunduki za kisasa kuingizwa katika sehemu kubwa ya Afrika kwa ajili ya wenyeji. Kampuni ya Maxim ikawa na soko ambamo upande mmoja ulinunua na upande wa pili ulikatazwa kununua. Mtawala wa Kiafrika, hata angekuwa na pembe za ndovu ghala zima, hakuwa na duka halali la kuingia.

Hata hivyo, silaha hiyo haikuwa na ushindi wa hakika. Agosti 17, 1891 huko Lugalo, Iringa, wapiganaji wa Mkwawa waliuvamia msafara wa Emil von Zelewski kwa ghafla kiasi kwamba Wajerumani hawakupata nafasi ya kuzitega bunduki zao za mashine. Zelewski aliuawa pamoja na sehemu kubwa ya askari wake. Wahehe walithibitisha kwamba bombomu ni chuma kitupu endapo adui hakupewa muda wa kuipanga. Somo hilo Wajerumani hawakulisahau, na Oktoba 30, 1894 ngome ya Kalenga ilianguka.

Maafa makubwa zaidi yalikuja katika Vita vya Maji Maji. Agosti 30, 1905 maelfu ya wapiganaji walijitokeza mbele ya boma la Mahenge wakiamini kwamba dawa ya maji ingezigeuza risasi. Ndani ya boma kulikuwa na bunduki mbili za mashine. Waliosonga mbele kwa safu waliangushwa kwa mamia kabla ya kuzifikia kuta. Baada ya siku hiyo wapiganaji wengi waligeukia mbinu za kuvizia, nao Wajerumani wakajibu kwa kuchoma vijiji na mazao. Makadirio ya waliokufa katika vita hiyo, wengi wao kwa njaa, ni kati ya watu 75,000 na 300,000. Ni kinaya cha historia kwamba bunduki ya Maxim nayo ilitegemea maji, kwa kuwa mtutu wake ulizungushiwa birika la lita kama nne za maji ili usiungue kwa joto.

Wakati hayo yakitokea, Maxim alikuwa mzee mwenye heshima jijini London. Alipata uraia wa Uingereza mwaka 1900 na mwaka uliofuata akapewa cheo cha Sir. Milio ya bunduki zake ilikuwa imemharibu masikio, na kwa miaka mingi aliishi akiwa karibu kiziwi. Akili yake haikutulia. Mwaka 1894 alijaribu ndege kubwa iliyoendeshwa kwa injini za mvuke, ambayo iliinuka kutoka kwenye reli yake kabla ya kuharibika. Alipougua mkamba alibuni kifaa cha kuvuta mvuke wa dawa, akalaumiwa na baadhi ya watu kwamba anajishushia hadhi kwa kutengeneza dawa za waganga wa mitaani. Jambo hilo lilimshangaza, kwani aliona kwamba jamii ilimsifu kwa chombo cha kuua na kumbeza kwa chombo cha kuponya.

Maxim alistaafu mwaka 1911 na jina lake likaondolewa katika jina la kampuni. Miaka mitatu baadaye vita kuu ilizuka, na safari hii bunduki zake ziliwageukia wale walioziona kuwa silaha za kutumika makoloni tu. Julai 1, 1916, siku ya kwanza ya vita vya Somme nchini Ufaransa, jeshi la Uingereza lilipoteza zaidi ya watu 19,000 waliouawa, wengi wao mbele ya bunduki za Kijerumani zilizotokana na ile ya Maxim.

Hapa Tanganyika mambo hayakuwa tofauti. Novemba 1914 bunduki hizo ziliyazuia majeshi ya Waingereza na Wahindi katika mapigano ya Tanga. Septemba 4, 1916 Waingereza waliingia Dar es Salaam, wakiwa na bunduki aina ya Vickers dhidi ya Maxim za Wajerumani, silaha mbili za ukoo mmoja. Nyuma yao waliandamana wapagazi wa Kiafrika waliobeba risasi na chakula, ambao walikufa kwa makumi ya maelfu kwa maradhi na njaa. Jina la Kariakoo lilitokana na kikosi hicho cha wapagazi, na Sanamu ya Askari iliyozinduliwa mwaka 1927 katikati ya jiji huwakumbuka Waafrika waliotumika katika vita hiyo.

Sir Hiram Maxim alifariki dunia nyumbani kwake Streatham, London, Novemba 24, 1916, siku sita baada ya vita vya Somme kumalizika na wakati mapigano yakiendelea kusini mwa Tanganyika. Alizikwa katika makaburi ya West Norwood. Hakuwahi kupigana vita vyovyote. Alikuwa fundi hodari aliyetambua kwamba nguvu iliyokuwa ikipotea ingeweza kufanyiwa kazi, na mfanyabiashara ambaye hakujiuliza sana ni nani atakayesimama mbele ya mtutu.

Kwa Watanzania, maisha yake yanasahihisha dhana moja iliyozoeleka. Mababu waliokufa Mahenge husemwa mara nyingi kwamba walishindwa kwa sababu ya ushirikina. Lakini miaka 11 baadaye, vijana wa Kiingereza waliosoma na kuvaa kofia za chuma walitembea kwa safu kuelekea bunduki ile ile huko Somme, wakaanguka vivyo hivyo. Kilichowaangusha wote hakikuwa uchache wa akili wala wa ushujaa, bali chuma kilichobuniwa katika karakana ndogo ya Hatton Garden, ambacho mmoja alikuwa na ruhusa ya kukinunua na mwingine hakuwa nayo.